Sinia la Bi Hadia na Wenza Watatu

Hapo zamani, wala si ile zamani ya majini na wafalme, bali zamani ya juzijuzi ambayo waliokuwapo bado tunapishana nao njiani na ukiwauliza wanajifanya hawakusikia, palikuwa na chuo kikuu juu ya kilima. Na ndani ya chuo hicho palikuwa na nyumba ndogo yenye bati jekundu, ikaitwa Taasisi ya Maadili.

Kazi yake nini nyumba hiyo? Kuwaangalia wasomi wasije wakawafanyia watu mambo ya ovyo kwa kisingizio cha elimu. Mtu akitaka kuwachoma watoto wa watu sindano ya kujaribia, au kuwauliza wajane maswali ya chumbani, au kupiga picha za wagonjwa, lazima apite pale kwanza. Anaulizwa: umewaomba? Wamekubali? Ungekuwa wewe, ungekubali?

Taasisi yenyewe ilikuwa na watu wachache. Ilisaidiwa na walimu wa idara nyingine, kila mmoja akija kuiazimisha elimu yake. Walimu hao waliitwa wenza. Msicheke. Si wenza wa kugombea mume, ingawa ungewakuta mkutanoni ungedhani. Mwenza halipwi. Anapewa beji ya kuning'iniza kifuani, na chai ya rangi isiyo na kitafunio. Na anaapa kiapo: mpaka shauri limalizike, hapokei kitu kutoka kwa mwenye shauri. Si kuku, si embe, si maji ya kunywa.

Siku hizo wenza walikuwa watatu. Alikuwapo Dokta Namsifu, mama wa Kipare, mwalimu wa sheria, mrefu, mkavu, anayetoa maneno kama mtu anayetoa chumvi ya mwisho jikoni. Alikuwapo Dokta Gwakisa, tabibu, Mnyakyusa mnene mwenye cheko, aliyeipenda beji ile mpaka watu wakasema hulala nayo. Na alikuwapo Mwalimu Saburi, mtu wa pwani, aliyefundisha dini na falsafa. Huyu mkewe alikuwa amerudi kwao kwa ugomvi. Jambo hilo halimo katika hadithi, ila ni vizuri mlijue, maana mtu huyu alikuwa na siku nyingi hajaonja chakula cha maana.

Sasa, chini ya kilima, kijijini, aliishi Bi Hadia. Ajuza, mpishi wa harusi. Akipika Bi Hadia, hata wasioalikwa wanakumbuka undugu. Alikuwa akimlea mjukuu wake, Salha, yatima wa mama. Salha alipokuwa mdogo alimwagikiwa na uji wa moto, ukamuunguza toka shavuni mpaka kifuani na mkononi. Akaja daktari mkubwa wa chuo, Profesa Lugome, akamtibu akapona. Akapiga na picha. Alimwomba bibi ruhusa, bibi akakubali. Angekataaje? Mtu amemrudisha mtoto wake kutoka kaburini, anaomba picha.

Picha ile ikakuzwa ikawa kubwa kama mlango, ikatundikwa kwenye ukuta wa geti la chuo: mtoto analia, kifua wazi, kidonda kibichi. Chini yake yakaandikwa maneno ya kuwaonya akina mama waweke sufuria mbali na watoto. Na tuseme haki, picha ilisaidia. Akina mama waliiona, wakazungushia meko yao uzio, watoto wengi wakanusurika. Profesa hakuwa mtu mbaya.

Lakini mtoto wa pichani akakua. Akasoma, akafaulu, akapata nafasi ya kusoma chuo kilekile, juu kulekule. Furaha nyumba nzima. Kisha Salha akasema haendi.

Bibi akambembeleza, akamfokea, akamletea na shangazi zake wamfokee kwa zamu. Salha akawajibu neno moja tu. Alisema kila apitaye geti lile anajua kovu lake kabla ya kujua jina lake, na yeye hawezi kujipita mwenyewe kila asubuhi akiwa uchi na analia.

Hapo Bi Hadia akajiuliza. Aliyekubali picha ni nani? Ni yeye. Akajifunga kanga, akapanda kilima, akagonga mlango wa bati jekundu.

Wenza wakalichukua shauri. Namsifu akasema ruhusa ya bibi ilikuwa ya mtoto, na mtoto hayupo tena, yupo mtu mzima, basi mtu mzima aulizwe upya. Gwakisa akamkabili Profesa Lugome, mwalimu wake mwenyewe, aliyemfundisha kushika kisu cha upasuaji. Tangu siku hiyo Profesa akawa anamwangalia kama kiti. Saburi akateremka kijijini kila jioni, akaketi na Salha ukumbini, mpaka msichana akakubali kulisema jambo lake kwa kinywa chake. Na katika siku zote hizo, Bi Hadia aliwakaribisha maji, wakakataa. Alidhani wanaogopa kipindupindu.

Siku moja, picha bado iko ukutani, moyo wa Bi Hadia ukamjaa. Akasimama mbele ya majirani akaweka nadhiri. Akasema siku picha itakaposhuka, atawapikia wenza wale watatu kwa mikono yake, wale sinia moja, na yeye hatatia chakula kinywani mpaka kila mmoja wao awe amekula. Majirani wakaitikia amina. Hakuna aliyemwambia habari za kiapo cha wenza, kwa sababu hakuna aliyekijua.

Basi Taasisi ikaamua, picha ishushwe. Asubuhi mafundi wakaishusha, wakaiegemeza nyuma ya kibanda cha walinzi, uso umegeukia ukuta. Lakini Profesa Lugome akakata rufaa kwa Baraza Kuu la chuo, na Baraza lilikuwa likae keshokutwa. Likikubaliana na wenza, picha haitarudi. Likikubaliana na Profesa, inapandishwa siku hiyohiyo.

Bi Hadia habari za rufaa hakuzielewa. Alichosikia ni kwamba picha imeshuka. Akachinja.

Adhuhuri, yeye na Salha wakaingia Taasisi na sinia limefunikwa kawa. Wali wa nazi, kuku wa kupaka, kisamvu kilichotwangwa kikalainika kama siagi. Kawa lilipofunuliwa, harufu ikatoka ikapita dirishani, na inasemekana darasa la jirani lilivunjika kabla ya wakati. Bi Hadia akatandika mkeka, akaweka birika la kunawia, akasema karibuni.

Hakuna aliyenawa.

Namsifu ndiye aliyemweleza. Akamweleza kiapo, akamweleza rufaa, akamweleza Baraza la keshokutwa. "Mama, tukila leo, Profesa atasimama mbele ya watu aseme umetununua kwa kuku."

"Kuku mmoja, watu watatu," akasema Bi Hadia. "Basi bei yenu ndogo, mwanangu."

Gwakisa akacheka, akajikaza. Namsifu hakucheka. Akasema mama asubiri, Baraza likishakaa watakula mpaka walambe sinia. Bi Hadia naye akaeleza nadhiri yake, neno kwa neno, na kwamba tangu picha iguswe asubuhi hajala. Maji, ndiyo, maji alikuwa amejibakizia, yeye si mwehu. Lakini chakula, hapana, mpaka wale wote watatu.

Saburi, kwa kuwa ni mtu wa dini, akamkumbusha taratibu kwamba nadhiri ikishindikana iko kafara yake.

"Kafara ni ya aliyeshindwa," Bi Hadia akamjibu. "Mimi nimeshindwa nini? Chakula hicho hapo. Vinywa hivyo hapo. Mbona wenye vinywa ndio mnaoshindwa?"

Wenza wakaomba udhuru, wakaingia chumba cha pili kufanya mkutano. Kikao cha kujadili wali. Sauti zao zilivuka ukuta: huyu anataja kiapo, yule anataja ubinadamu, huyu anauliza kijiko kimoja ni chakula au ni kuonja. Mvuke kwenye sinia ukapungua. Na Bi Hadia hajala.

Walipotoka, kila mmoja alitoka na lake.

Saburi alikwenda moja kwa moja kwenye birika. Akanawa, akaketi mkekani, akavunja paja la kuku. Akasema mbele yao wote kwamba yeye anaona ajuza mwenye njaa, na kiapo chochote kinachomzuia kumwona ajuza mwenye njaa kiliapwa vibaya. Na hatajificha. Keshokutwa atasimama mbele ya Baraza aseme amekula, wamfanye watakavyo. Akala. Akaongeza kisamvu. Akala tena. Bi Hadia akamtazama akifurahi, na Bi Hadia hajala.

Gwakisa akasogea mezani. Akaishika ile beji, akaivua polepole kama mtu anayevua pete, akaiweka mezani. Akasema kuanzia sasa yeye si mwenza, ni Gwakisa tu, mtoto wa watu wa Tukuyu, na Gwakisa hana kiapo. Akanawa, akala, na kila tonge lilishuka kwa shida kwa sababu macho yake yalikuwa mezani kwenye beji.

Bi Hadia akamtazama kwa udadisi. Akamuuliza Salha kwa sauti ya chini, "Huyu aliyekula ni yule niliyemwekea nadhiri, au ni mwingine?"

Salha akaitazama beji mezani.

Akabaki Namsifu. Namsifu hakunawa. Alisema lazima abaki mmoja atakayesimama mbele ya Baraza kinywa kisafi, la sivyo picha itarudi ukutani na shukrani yote hii itakuwa ya kazi bure. Kisha akasema jambo ambalo halikutarajiwa: kwa kuwa mama atalala njaa kwa sababu yake, na yeye hatakula. Watashinda na njaa pamoja mpaka Baraza liseme.

Hapo Salha, msichana mpole, akapandisha hasira. "Dokta, wewe una nguvu, utashinda. Bibi yangu atakufa kwa ajili ya usafi wako."

Namsifu akarudisha kawa. Akalibeba sinia lenyewe lenye fungu lake, akateremka nao kijijini, akaketi mkekani ukumbini kwa Bi Hadia. Majirani, mnawajua majirani, kila mmoja akakumbuka alikuja kuazima ungo. Wakachungulia, wakaona mwanasheria mzima na ajuza wametazamana, wanakunywa maji. Siku ile ikapita, na Bi Hadia hajala. Siku ya pili ikapita, Bi Hadia akawa anaitikia salamu kwa kupepesa macho. Salha akamsihi avunje nadhiri. Akakataa. Akamsihi Namsifu aonje walau punje. Akakataa. Wote wawili wakaidi, sijui nani alimwambukiza mwenzake.

Siku ya Baraza, Bi Hadia alipandishwa kilima kwa kushikiliwa kwapani, huku Salha, huku Namsifu, na Namsifu mwenyewe miguu inagongana.

Profesa Lugome akasimama. Akaongea vizuri, si kwa hasira. Akasema anawaheshimu wenza, lakini inasemekana sinia lilionekana likiingia Taasisi, na jirani za Taasisi wana pua. Mwenza aliyelishwa ataamuaje?

Saburi akasimama bila kuitwa. Akasema ni kweli, amekula, na kilikuwa kitamu. Watu wakacheka, lakini mwenyekiti hakucheka, akaamuru uamuzi wa Saburi ufutwe. Pamoja nao ukafutwa na ushahidi aliouchukua yeye, maneno yote ya Salha ya zile jioni za ukumbini. Salha akafunika uso.

Gwakisa akaulizwa. Akasema amekula lakini alikuwa ameshajiuzulu. Mwenyekiti akasema basi asiyekuwa mwenza hana uamuzi, akae.

Namsifu akaulizwa. Akasimama ameshika meza. "Sijala," akasema. "Si cha mama huyu tu. Sijala cha mtu yeyote tangu picha ishuke." Na midomo yake ilikuwa imepasuka, hakuna aliyehitaji ushahidi zaidi. Akamgeukia Salha, akamwomba aseme upya, sasa hivi, kwa kuwa alichokisema kwanza kimefutwa. Salha akaondoa mkono usoni. Akasimama na kovu lake mbele ya wazee wale wote. Akasema anamshukuru Profesa kwa ngozi aliyomrudishia. Kisha akasema, "Nilikuwa mtoto, sikuulizwa. Niulizeni leo."

Mwenyekiti akamuuliza. Salha akasema hapana.

Picha haikurudi.

Walipotoka nje tu, Bi Hadia akaashiria lile sinia, maana lilipandishwa nalo. Wali wa nazi wa juzi. Mnajua wali wa nazi wa juzi ulivyo. Kawa lilipofunuliwa, hata Saburi alirudi nyuma. Salha akasema aende akapike mwingine haraka. Namsifu akamuuliza Bi Hadia kama mwingine utafaa. Bi Hadia, kwa sauti iliyobaki, akasema nadhiri ilikuwa ya sinia moja na wenzake walikwisha kula humo. Namsifu akanawa. Akafinyanga tonge lililochacha, akalitia kinywani, akalimeza, uso haukukunjamana. Akafinyanga la pili. Ndipo Bi Hadia akapewa uji, akala. Yaliyompata Namsifu tumboni baadaye tuyaache, ingawa wapo wanaoyajua vizuri.

Mngedhani hadithi imekwisha. Ndiyo kwanza imefika kwenye ugumu wake.

Pale chuoni kuna desturi. Siku ya kufungua, mwanafunzi mpya haingii getini peke yake. Anashikwa mkono na mkubwa wake, anavushwa, na mkubwa huyo anakuwa mzazi wake wa chuoni. Akiugua, ndiye aitwaye. Akiposwa, ndiye aketiye na wazee, na neno lake lina uzito. Si cheo cha mchezo. Bi Hadia miguu yake tangu zile siku haikupanda kilima tena. Na Salha alisema ukuta ule, hata ukiwa mtupu, peke yake hapiti. Akiupita siku ya kwanza, ataupita siku zote. Asipoupita, anarudi nyumbani.

Basi habari ikavuma kwamba Salha anatafuta mkono. Wakateremka wote watatu, kila mmoja na njia yake, wakakutana mlangoni kwa Bi Hadia kama wachumba.

Saburi akasema: "Mkono huo ni wangu. Hawa walikuwa wanatazama sheria, mimi nilimtazama mtu. Na jioni zote zile nani aliketi na Salha mpaka akapata sauti? Maneno yalifutwa, sauti haikufutika. Bila hiyo, mbele ya Baraza angesema nini?"

Wenzake wakamwambia: wewe ulikula cha moto, ukashiba. Na lau wote tungefanya kama wewe, picha ingekuwa ukutani sasa hivi. Na ukitaka tuseme yote, mkeo hayupo, njaa ilikuwa yako.

Gwakisa akasema: "Mkono huo ni wangu. Saburi kafutiwa shauri moja, kesho anapewa lingine. Namsifu anasifiwa mji mzima. Mimi beji sina, na mwalimu wangu hanisalimu. Sikuvunja kiapo, wala sikumnyima mama. Nililipa mwenyewe ili asidhurike mtu."

Wenzake wakamwambia: ulitoa beji, lakini ulimwacha nani kubeba shauri? Na mama alimwekea nadhiri mwenza. Aliyekula hakuwa mwenza. Hata sasa mama hana hakika kama wewe umo.

Namsifu akasema machache. "Picha haikurudi. Na njaa yake niliila pamoja naye, mpaka lile tonge."

Hapo aliyejibu hakuwa mwenza. Alikuwa Salha. Akamwambia kwa adabu kwamba anajua, na hatasahau. Ila Namsifu njaa aliichagua, bibi aliipewa, na tangu zile siku mbili bibi hasimami bila fimbo. Namsifu akasema ni kweli.

Kijiji kikagawanyika. Waliokuwa na wazee nyumbani wakasema Saburi. Waliowahi kupoteza kazi wakasema Gwakisa. Mabinti wakasema Namsifu, isipokuwa waliokuwa wanamwogopa. Profesa Lugome naye, inasemekana, aliulizwa na mtu, akajibu kwamba mkono ule aliufunga bandeji yeye kabla yao wote, kisha akaenda zake.

Asubuhi ya kufungua chuo, Salha alisimama nje ya geti na sanduku lake. Ukutani palikuwa na rangi mbichi. Watatu wale wakasimama mbele yake, kila mmoja amenyoosha mkono. Bi Hadia alikuwa ameletwa kwa pikipiki mpaka chini ya geti, fimbo magotini.

Salha akageuka. "Bibi, nadhiri ilikuwa yako. Niambie wewe."

Bi Hadia, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, akawatazama mmoja mmoja. Akasema wote wamekula katika sinia lake, ataonaje uso wa kumchagua mmoja mbele ya wawili. Salha aamue, mkono ni wake.

Mlinzi akafungua geti. Nyuma watu wanasukumana, wenye watoto wao wanavuka. Salha akainua mkono wake.

Haya basi, nyinyi mlioketi hapa mmeshiba, hamna kiapo wala nadhiri shingoni: mkono ule, nani alistahili kuushika?